Kutoka Kuhesabu Kiasi hadi Kuhesabu Muda: Niliyojifunza Katika Fedha za Kiwanda cha Korosho

Mhasibu hufundishwa tangu mwanzo kuuliza swali moja: ni kiasi gani? Kiasi gani kimeingia, kiasi gani kimetoka, kiasi gani kimebaki, na kama vocha, leja na taarifa ya benki vinakubaliana juu ya kiasi hicho. Ni swali la heshima, na mtu asiyeweza kulijibu barabara hafai kukabidhiwa fedha za watu. Lakini nilipotoka katika uhasibu na kukabidhiwa idara nzima ya fedha ya kampuni inayobangua korosho mkoani Mtwara, nilikuta kwamba swali linalomkosesha mkurugenzi wa fedha usingizi ni jingine: ni lini? Fedha hii itarudi lini, deni hili litaiva lini, mzigo huu umelala ghalani tangu lini. Ninaandika kwa ajili ya wahasibu vijana ambao wamefaulu mitihani yao, wanajua kufunga hesabu bila kubabaika, na sasa wanaitwa kwenye vikao ambako hakuna anayewauliza kuhusu vocha. Nawaambia mapema kwamba kilichonigharimu miaka mingi kukielewa ni hicho kimoja tu, muda, na mengine yote niliyojifunza yameota humo.

Nilisoma Stashahada ya Juu ya Uhasibu katika Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, jijini Dar es Salaam, miaka ya mwisho ya 1990. Kilikuwa kipindi kizuri cha kuingia katika taaluma hii. Mamlaka ya Mapato Tanzania ilikuwa imeanza kazi Julai 1996, Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza kuuza na kununua hisa Aprili 1998, na Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) ilianza tarehe 1 Julai 1998 kwa kiwango cha asilimia 20. Kampuni ambazo zamani ziliridhika na karani mmoja mwenye daftari zuri zilijikuta zinahitaji watu wanaoweza kutenganisha kodi ya manunuzi na kodi ya mauzo kila mwezi na kujibu maswali ya wakaguzi. Nilipata kazi katika ofisi ya ukaguzi wa hesabu, nikafanya mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu huku nikifanya kazi, na ilipofika Julai 2004, Tanzania ilipoanza kutumia viwango vya kimataifa vya utoaji wa taarifa za fedha, mimi na wenzangu tulikuwa tunakesha tukisaidia wateja kupanga upya hesabu zao.

Ukaguzi ulinipa nidhamu ambayo sijawahi kuijutia. Ulinifundisha kutoamini jumla ambayo sijaijumlisha mwenyewe, kuomba hati ya awali badala ya nakala, na kusimama ghalani siku ya kuhesabu mali hata kama jua ni kali na mwenyeji hataki. Ulinifundisha pia kuangalia tarehe, ila kwa namna yake: mkaguzi hutaka kujua kama mauzo ni ya mwaka huu au ya mwaka ujao, basi. Akishaliweka kila jambo katika mwaka wake, kazi ya tarehe imekwisha. Kwa mkaguzi, tarehe hutenganisha. Kwa mtu wa fedha, tarehe hugharimu. Tofauti hiyo sikuipata katika kitabu chochote cha mitihani.

Nilihamia Mtwara kuwa mhasibu mkuu wa kampuni ya ubanguaji. Daraja la Mkapa lilikuwa limekwisha kufunguliwa juu ya mto Rufiji mwaka 2003, lakini kipande cha barabara kati ya Ndundu na Somanga kilikuwa bado ni vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika, na lori lililobeba mzigo wa kupeleka bandari ya Dar es Salaam liliweza kukwama huko kwa siku kadhaa. Katika vitabu vyangu lori hilo halikuwa na tatizo lolote: mzigo upo, ni mali ya kampuni, thamani yake inajulikana. Mkurugenzi wa fedha wa wakati huo, mama mmoja mtulivu aliyenilea katika kazi hii kuliko mtu mwingine yeyote, alikuwa akiuliza habari za lori hilo asubuhi na jioni. Nilidhani ni wasiwasi wa mtu mzima. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa akihesabu riba.

Aliyenifungua macho hasa, hata hivyo, ni msimamizi wa ghala. Nilikwenda kuhesabu korosho ghafi mwezi wa pili, magunia yamepangwa hadi karibu na kenchi, na mimi nina karatasi yangu ya hesabu na kalamu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Karibu. Umekuja kuyahesabu?"

Nikamwambia ndiyo. Akaniacha nihesabu mistari ya mbele na ya ubavuni, kisha akaniuliza, "Haya magunia unayoyahesabu, unajua yaliingia lini?"

Akanipeleka kwenye meza ndogo karibu na mlango. Alichota korosho kutoka gunia la juu, la katikati na la chini la rundo moja, akazipasua mbili kwa mkasi wa kubangulia, moja baada ya nyingine, akazitenga: nyeupe na nono upande huu, zenye madoa upande ule, zilizosinyaa na zilizo tupu pembeni. Kisha akazipima. Wanunuzi wa korosho ghafi hupima ubora kwa kuangalia ni ratili (pauni) ngapi za korosho safi, yaani punje zilizokwisha kubanguliwa, zitapatikana katika gunia la kilo 80. Korosho nzuri ya kusini hutoa ratili 48, 50, na wakati mwingine zaidi. Alinionyesha kwamba rundo lile, lililoingia na unyevu mwingi mwanzoni mwa msimu, lilikuwa limekauka. "Mwezi wa sita ukija," alisema, "gunia hili halitakuwa na kilo themanini. Wewe utaandika kwamba mzee ameiba. Mzee hajaiba. Maji yameondoka."

Nilirudi ofisini nikapiga hesabu. Korosho iliyoingia na unyevu wa asilimia 10 ikakauka hadi asilimia 8 hupoteza zaidi ya asilimia 2 ya uzito wake, na hakuna punje hata moja iliyotoka ghalani. Katika tani 3,000 hizo ni zaidi ya tani 60. Mhasibu asiyejua mzigo uliingia lini na ukiwa na unyevu gani ataona upungufu wa mamilioni ya shilingi na atatafuta wa kulaumiwa, na katika sekta hii wapo watu waaminifu waliowahi kushukiwa kwa sababu hiyo. Tangu hapo kila rundo katika ghala letu limekuwa na kadi yenye tarehe ya kuingia, unyevu wa siku hiyo na matokeo ya kupasua, na leja ya mali ikafuata kadi hizo. Ilikuwa mara ya kwanza katika kazi yangu kuona kwamba muda unaweza kubadilisha kiasi chenyewe, na kwamba usipouandika unaweza kumdhulumu mtu.

Ili msomaji asiyeijua korosho aelewe uzito wa jambo hili, sharti nieleze jinsi biashara yake inavyokwenda. Wakulima wa Mtwara, Lindi na Ruvuma huvuna na kuuza kuanzia Oktoba hadi karibu Januari. Tangu msimu wa 2007/2008 mauzo hupita katika mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka mzigo katika chama chake cha msingi cha ushirika, mzigo hukusanywa katika ghala kuu, huuzwa kwa mnada, na mnunuzi hutakiwa kulipa ndani ya siku chache ndipo aruhusiwe kuutoa. Msafirishaji anayepeleka korosho ghafi India au Vietnam hununua, hupakia na hulipwa. Fedha yake huzunguka ndani ya wiki kadhaa. Mbanguaji wa hapa nchini akitaka kiwanda chake kifanye kazi mwaka mzima hana budi kununua ndani ya miezi hiyo mitatu au minne korosho yote atakayoibangua hadi Oktoba inayofuata. Msimu wa Afrika Magharibi huanza wetu unapokwisha, lakini kuleta mzigo kutoka huko kuna gharama na taratibu zake, na si jambo la kulitegemea.

Chukua mfano. Kiwanda kinahitaji tani 3,000 na bei ya mnada ni shilingi 2,500 kwa kilo. Hizo ni shilingi bilioni 7.5 zinazotakiwa kabla mwaka mpya haujachanganya. Mzigo unapungua ghalani kidogo kidogo mwaka mzima, kwa hiyo kwa wastani fedha iliyolala ni nusu yake, yaani bilioni 3.75. Kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, kulala huko kunagharimu shilingi milioni 600, au zaidi ya milioni 1.6 kila siku ya Mungu, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Sasa tazama upande wa pili. Tani 3,000 za korosho ghafi, zikitoa asilimia 22 ya korosho safi, ni tani 660. Kontena la futi 20 hubeba maboksi 700 ya ratili 50, ambayo ni karibu tani 15.9. Kwa hiyo kazi yote ya mwaka ni makontena 41 na ushei, na kila kontena linaondoka bandarini likiwa limebeba riba ya zaidi ya shilingi milioni 14 kabla hujalipa mshahara, umeme, wala mfuko wa kufungashia. Hesabu hii haionekani popote katika taarifa ya faida na hasara ya mwezi mmoja mmoja. Riba imeandikwa huko chini, mbali na korosho, kana kwamba ni jambo la benki na si la ghala.

Nilipoanza kuipeleka hesabu hiyo kwa wenzangu wa uzalishaji na mauzo, mazungumzo ya kiwanda yalibadilika. Mfano ninaoupenda ni ule wa makontena mchanganyiko. Korosho iliyobanguliwa hupangwa kwa madaraja: W240 ni nzima na kubwa, W320 ndiyo inayouzwa zaidi, W450 ni ndogo, kisha kuna zilizovunjika nusu na vipande. W320 hujaza kontena upesi. Madaraja mengine hukusanyika polepole, na kwa desturi yaliachwa stoo hadi yafike maboksi 700 ya aina moja kwa sababu mnunuzi alilipa bei nzuri kidogo kwa kontena la daraja moja. Idara ya mauzo ilijivunia bei hiyo, na mhasibu mzuri angeiunga mkono, maana bei ya juu ni bei ya juu. Nikawaomba tuangalie siku. Kontena lenye thamani ya dola 90,000 likisubiri miezi mitatu, kwa mkopo wa dola wenye riba ya asilimia 8, linakula dola 1,800. Punguzo la asilimia 1 kwa mnunuzi anayekubali madaraja mawili au matatu katika kontena moja ni dola 900. Tulianza kuuza mchanganyiko. Zaidi ya tofauti hiyo ya dola 900, stoo ilipumua, korosho ilifika kwa mnunuzi ladha yake ikiwa bado haijachakaa, na benki iliona fedha ikirudi mapema.

Hapo ndipo ninapowaambia wahasibu vijana kwamba cheo cha ukurugenzi wa fedha si uhasibu mkubwa zaidi. Mhasibu anaulizwa baada ya jambo kutendeka. Mtu wa fedha anaulizwa kabla, na mara nyingi anaulizwa na watu ambao tayari wana haraka. Kama hana hesabu yake ya muda mkononi, jibu lake litakuwa ndiyo au hapana tupu, na vyote viwili vinaweza kuiumiza kampuni.

Katika mikopo nililijifunza hilo kwa undani. Kusini kuna kumbukumbu ambayo kila mtu wa fedha anapaswa kuitafakari. Miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 vilijengwa viwanda vikubwa 12 vya kubangua korosho kwa mikopo kutoka nje, wakati ambapo uzalishaji wa zao lenyewe ulikuwa unaporomoka. Mashine zilikuja, madeni yakaja, korosho haikuwapo ya kuzilisha, na majengo mengi yaliishia kutumika kama maghala. Mtu hupita karibu nayo akaona kuta imara kabisa. Ubora wa jengo haukuwa tatizo. Deni lilianza kuiva kabla ya mti kuzaa. Kwa sababu hiyo nimekuwa mkali, na wenzangu wanalijua hilo, juu ya kulinganisha umri wa deni na umri wa kitu kinachonunuliwa. Mashine ya kupasulia itakayofanya kazi miaka minane haipaswi kulipiwa kwa ovadrafti, yaani mkopo wa muda mfupi wa kutoa zaidi ya salio la akaunti, ambao benki inaweza kudai urudishwe wakati wowote, hata kama ovadrafti hiyo iko tayari leo na mkopo wa muda mrefu unahitaji miezi ya makaratasi. Na kinyume chake, mkopo wa msimu wa kununulia korosho haupaswi kuguswa kwa ajili ya paa, gari wala gawio la wanahisa, kwa sababu korosho ikishauzwa fedha yake ina mwenyewe.

Utaratibu tulioujenga na benki ulitusaidia kuheshimu mpaka huo. Benki hukopesha kwa dhamana ya korosho yenyewe: mzigo unakaa katika ghala letu, lakini funguo na kumbukumbu ziko kwa msimamizi wa dhamana aliyeteuliwa na benki, na magunia hutolewa kwenda kiwandani kadiri malipo yanavyoingia. Wazalishaji wengi huuchukia mfumo huu kwa sababu unawalazimu kuomba ruhusa ya kutumia mali yao wenyewe. Mimi nauona kuwa mwalimu mzuri. Kiwanda kinachotaka magunia ya wiki ijayo kinajua kwamba kontena la wiki iliyopita lazima lilipiwe, na hivyo muda unaacha kuwa wazo la mkurugenzi wa fedha peke yake. Unamfikia mkuu wa zamu, mfungashaji na dereva.

Suala la sarafu nalo ni suala la muda, ingawa watu wengi hulizungumza kama ubashiri. Korosho ghafi hununuliwa kwa shilingi, korosho safi huuzwa kwa dola, na kati ya mambo hayo mawili hupita miezi. Vijana wanapoingia idarani huniuliza kama dola itapanda au itashuka. Huwa nawaambia kwamba kazi yetu ni kuhakikisha jibu la swali hilo halituzamishi. Mwaka 2024 ulikuwa darasa zuri. Mwezi Septemba dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,700. Kufikia katikati ya Desemba ilikuwa imeshuka hadi karibu shilingi 2,400. Aliyekopa shilingi Oktoba akanunua korosho, akitarajia kulipa kwa dola za mauzo, aliona thamani ya mauzo yake katika shilingi ikipungua kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi huku deni likibaki vilevile. Aliyekopa dola, akazibadili kuwa shilingi za mnada, kisha akalipa deni kwa dola alizouzia, hakuguswa sana kwa upande wa mkopo. Mwaka uliotangulia, dola zilipokuwa adimu nchini, wapo waliodhani kwamba shilingi itashuka tu na kwamba kuishikilia dola ni ujanja. Kampuni ya kubangua korosho haina sababu ya kutafuta ujanja huo. Sarafu ya deni ifuate sarafu ya mauzo, na tarehe ya deni ifuate tarehe ya mauzo.

Bei ya zao lenyewe ni kali zaidi. Msimu wa 2017/2018 bei katika baadhi ya minada ilipita shilingi 4,000 kwa kilo, wakulima wakafurahi, na walistahili kufurahi. Katika mwaka 2018 bei ya korosho safi katika soko la dunia ilishuka. Mbanguaji aliyejaza ghala kwa bei ya juu alikuwa na mzigo unaopoteza thamani kila mwezi ukiwa umelala, na viwango vya uhasibu vinamtaka auandike kwa gharama yake au kwa thamani inayoweza kupatikana sokoni, ile iliyo ndogo. Msimu uliofuata, wakulima walipokataa bei za wanunuzi, Rais John Magufuli alitangaza Novemba 2018 kwamba Serikali ingenunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na kila mtu katika sekta alilazimika kupanga upya. Nilichochukua katika misimu hiyo miwili ni kanuni ambayo bodi yetu iliipitisha: hatununui korosho ghafi ya mwaka mzima bila kuwa na mikataba ya mauzo kwa sehemu kubwa ya korosho safi itakayotokana nayo, kwa bei iliyokwisha kujulikana. Tunaacha faida fulani mezani bei zikipanda. Wapo wanahisa waliolalamika, na niliwasikiliza kwa heshima, lakini sikuona haki ya kuchezesha ajira za watu wengi kwa ajili ya faida ambayo hatukuifanyia kazi.

Kisha kuna bahari. Mwishoni mwa 2023 meli nyingi zilipoanza kuikwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ya mzigo kwenda Ulaya iliongezeka kwa wiki moja hadi mbili. Bei haikubadilika kwenye mkataba, ubora haukubadilika, lakini wanunuzi wanaolipa meli inapofika walilipa kwa kuchelewa, na kila kontena lilibeba riba ya siku hizo. Kwa kuwa tulikuwa tumezoea kupanga kwa siku, tuliliona jambo hilo katika makadirio yetu mapema na tukaenda benki kabla malipo hayajachelewa kuomba tarehe za marejesho zisogezwe. Benki huvumilia habari mbaya inayokuja mapema. Inayokuja siku ya malipo huwafanya wajiulize ni nini kingine hawajaambiwa.

Makadirio hayo ni ya wiki 13, na ndiyo karatasi ninayoithamini kuliko zote katika ofisi yangu. Kila Jumatatu tunaandika upya fedha inayotarajiwa kuingia na kutoka, wiki kwa wiki, kisha tunalinganisha wiki iliyopita na tulivyosema. Kuna nidhamu mbili ndani yake. Ya kwanza ni kwamba marejesho ya kodi hayaingizwi hadi yathibitishwe. Mauzo ya nje hutozwa VAT kwa kiwango cha sifuri, hivyo kodi tuliyolipa kwenye vifungashio na huduma ni haki yetu kuirejeshewa, na katika mizania tunaiandika kama mali. Lakini mali hiyo hailipi mshahara wa Jumamosi. Hali kadhalika, kampuni inapopewa makadirio ya kodi isiyokubaliana nayo, sheria inaipa siku 30 kuweka pingamizi, na inaitaka ilipe kodi isiyobishaniwa au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kile kilicho kikubwa. Mhasibu ataona hoja ya kisheria, nami pia naiona, lakini papo hapo theluthi ile inapaswa kupata wiki yake katika karatasi.

Nidhamu ya pili ni mpangilio wa mistari. Mstari wa kwanza wa matumizi ni malipo ya wabanguaji na wamenyaji. Wengi wao ni akina mama, wanalipwa kwa kilo walizomenya, na wanakaa kwenye meza zile saa nyingi wakitoa ganda jembamba kwa kisu kidogo bila kuivunja punje, kazi ambayo mashine bado haiifanyi vizuri kama vidole vyao. Nilikuta mahali fulani pa kazi, katika miaka yangu ya ukaguzi, desturi ya kusogeza malipo ya vibarua mbele pale fedha inapobana, kwa sababu wao hawatozi riba na hawaandiki barua. Kwa hesabu ya kiasi, ni akiba. Kwa hesabu ya muda, kampuni imekopa kwa mtu mwenye uwezo mdogo kuliko wote katika mnyororo mzima, bila ridhaa yake, na yeye kwa upande wake amekwenda kukopa unga dukani. Sikubali jambo hilo, na nimelisema mbele ya bodi kwa maneno hayohayo. Ikiwa lazima mtu asubiri, atasubiri mwanahisa, kisha mimi na mameneja wenzangu, kisha msambazaji mkubwa ambaye tumeongea naye na akakubali. Kiwanda chetu kimepitia misimu migumu bila kuuvunja utaratibu huo, na watu wanaomenya wamerudi msimu baada ya msimu, jambo ambalo lina thamani kubwa mno kwa ubora wa korosho nzima, ingawa hakuna leja inayolionyesha.

Kwa bodi yenyewe, nilibadilisha mpangilio wa taarifa. Zamani tulianza na faida, tukaendelea na mizania, na mtiririko wa fedha ukaja mwishoni wakati wajumbe wameshachoka na wanatazama saa. Sasa tunaanza na siku: korosho ghafi imekaa siku ngapi, korosho safi siku ngapi, wadaiwa wanatulipa baada ya siku ngapi, sisi tunawalipa wengine baada ya siku ngapi. Mjumbe asiye mhasibu anaelewa siku. Mzee mmoja katika bodi yetu, mkulima wa miaka mingi, ambaye kwa muda mrefu alinyamaza wakati wa ajenda ya fedha, ndiye sasa anayeuliza maswali magumu kuliko wote, kwa sababu anajua mwenyewe maana ya mazao kulala.

Uhasibu haukuniacha. Kila makadirio ninayoyapeleka benki yanasimama juu ya vitabu vilivyofungwa kwa uaminifu, na mkurugenzi wa fedha ambaye usuluhisho wake wa kibenki, yaani kulinganisha leja na taarifa ya benki, umechelewa hana haki ya kuzungumzia wiki 13 zijazo. Naomba vijana wasikimbilie lugha ya fedha kabla leja haijanyooka.

Kwa sasa ninamwandaa mhasibu mkuu wetu kushika nafasi yangu. Hesabu anazijua kuliko nilivyozijua mimi katika umri wake. Nimemtaka afanye mambo mawili kwanza: akae ghalani katika wiki za kupokea mzigo, kuanzia siku ya kwanza ya mnada, akipasua korosho pamoja na vijana waliofundishwa na mzee yule ambaye sasa amestaafu, na aanze mazungumzo ya mkopo wa msimu na benki mwezi wa Julai, wakati korosho bado iko kwenye maua na hakuna mwenye haraka. Barua ya maombi ameshaiandika. Ameweka kiasi kinachohitajika katika aya ya tatu, na katika aya ya kwanza ameweka tarehe ambazo kila sehemu ya mkopo itatumika na tarehe ambazo italipwa, kontena kwa kontena.